Nani Alizaliwa Msafi?

Wanangu, chukueni chupa tupu ya maji, ile ya plastiki ya nusu lita. Maji yamekwisha, chupa imebaki mkononi. Ina thamani gani?

Ukiwa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, ina thamani ya senti 25 za yuro. Hizo ni kama shilingi 700 za Tanzania, au 35 hivi za Kenya. Plastiki yao haijachanganywa na dhahabu. Ni kwamba uliponunua yale maji ulilipa mara mbili kwa mpigo: bei ya maji na rehani ya chupa. Rehani bado ni pesa yako, dukani wamekushikia tu. Ukiitaka, rudisha chupa.

Na kurudisha kwenyewe ni rahisi mpaka kunachekesha. Kwenye maduka makubwa kuna mashine ukutani yenye tundu la mviringo. Unatumbukiza chupa, mashine inaizungusha, inasoma alama yake, inaimeza. Ukimaliza zako zote unabonyeza kitufe, kinatoka kikaratasi, unakipeleka kwa keshia naye anakupa pesa au anakupunguzia bei ya mkate. Sheria hiyo ya chupa na makopo ya kutumia mara moja ilianza kufanya kazi Januari 2003, baada ya mabishano makali. Wenye viwanda vya vinywaji na wenye maduka waliipinga hadi mahakamani, wakisema itawatia hasara. Leo karibu kila chupa yenye rehani inarudi.

Zipo ambazo wenyewe hawazirudishi. Mtu ana haraka zake, anaisimamisha chupa chini, kando ya pipa la taka, ili mwenye shida aichukue bila kuchakura uchafu. Kwa hiyo ukimwona mzee wa heshima jijini Berlin, koti limepigwa pasi, anamulika ndani ya pipa kwa tochi, usidhani amedondosha funguo. Yuko kazini. Pensheni yake ni ndogo, na chupa nne ni yuro moja. Nchi tajiri nayo ina waokota makopo wake.

Watu wetu wakirudi kutoka huko hupenda kusema, "Wenzetu wamestaarabika, hawatupi chupa ovyo." Kweli, hawatupi. Nani atupe shilingi 700 mtaroni?

Sasa kabla hatujawapamba Wajerumani kupita kiasi, tuangalie habari za soda hapa kwetu. Ukitumwa dukani kwa Mangi kununua soda ya chupa ya kioo, unaulizwa nini kwanza? "Chupa umekuja nayo?" Kama huna, ama unywe hapo hapo umesimama huku Mangi anakutazama, ama uache hela ya chupa. Mama mwenye kreti la chupa tupu uvunguni hulitunza, kwa sababu siku ya arusi au hitima lile kreti ni pesa. Mfumo wa Berlin tunao, tumeishi nao tangu bibi zenu wakiwa wasichana, na hakuna aliyewahi kutuita tumestaarabika kwa sababu hiyo.

Nendeni mkatazame mtaro wowote wa Dar es Salaam au Mombasa baada ya mvua. Mtahesabu chupa za plastiki mpaka mchoke. Za kioo za soda mtazitafuta. Waliotupa za plastiki na waliorudisha za kioo ni watu wale wale, wa mtaa ule ule, na kiu ni ile ile. Tofauti ni kwamba chupa ya kioo ina mwenyewe anayeingoja, na ya plastiki haina. Ikishatoka dukani imekuwa yatima. Anayeihurumia ni muokota makopo peke yake, naye huuza kwa kilo, na ili kilo moja itimie lazima aokote chupa nyingi sana.

Nimeanza na chupa kwa makusudi. Kila mara vijana wanaponiuliza kwa nini nchi fulani ni safi na nyingine chafu, wengi wanakuwa tayari na jibu lao mfukoni: kwamba kuna mataifa yamezaliwa yanapenda mazingira, na mengine, yaani sisi, yamezaliwa hayajali. Jibu hilo silikubali, na nitawatembeza nchi kadhaa muone kwa nini.

Twende Japani. Mnaoangalia mpira mnajua pa kuanzia. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, Japani waliifunga Ujerumani mabao 2 kwa 1, ushindi ambao hakuna aliyeutegemea. Mashabiki wa timu nyingine yoyote wangetoka mbio kwenda kushangilia barabarani. Wajapani walitoa mifuko ya bluu waliyokuja nayo, wakaanza kuokota makopo na karatasi kwenye viti. Hata kwenye mechi ya ufunguzi, Qatar na Ecuador, ambayo haikuwahusu hata kidogo, walikuwapo waliobaki kuokota taka za wageni wengine. Na mwaka 2018 kule Urusi, timu yao ilipotolewa na Ubelgiji kwa bao la dakika za nyongeza, wachezaji waliacha chumba cha kubadilishia nguo kinameta, na kikaratasi cha asante kwa lugha ya Kirusi ndani yake. Jamani, umefungwa, umelia, halafu unadeki!

Ukienda Tokyo utashangaa zaidi. Barabara ni safi, ila mapipa ya taka huyaoni. Utanunua juisi, utaimaliza, utatembea na kopo lako mkononi kilomita nzima ukitafuta pa kulitupa. Hilo nalo lina historia. Tarehe 20 Machi 1995, wafuasi wa kundi la kidini liitwalo Aum Shinrikyo walimwaga sumu ya sarin ndani ya treni za chini ya ardhi za Tokyo, wakaua watu na kujeruhi maelfu. Baada ya hapo mapipa yaliondolewa vituoni na sehemu nyingine nyingi za umma, kwa sababu pipa ni mahali pazuri pa kuficha kitu kibaya. Watu wakabaki na taka zao mikononi. Wangeweza kuzitupa chini. Walichofanya ni kuzitia kwenye begi na kwenda nazo nyumbani, na mpaka leo ndivyo wanavyofanya.

Waliwezaje? Watu wengi watawajibu kwamba ni shule. Katika shule nyingi za Japani, kila siku kuna muda wa usafi. Watoto wanafunga vitambaa kichwani, wanafagia darasa, wanafuta sakafu ya ukumbi kwa matambara wakiwa wamepiga magoti, wanasafisha vyoo kwa zamu. Wageni wa kutoka Marekani na Ulaya hupiga picha na kustaajabu, kwa kuwa shuleni kwao kuna mtu anayelipwa kufanya hayo.

Nyinyi msistaajabu. Nyinyi mnafagia shule tangu darasa la kwanza, tena kwa ufagio wa chelewa na umande miguuni, kabla kengele haijalia. Mnamwagilia maua, mnachota maji, mnadeki. Kama kufagia shule peke yake kungetosha kumfanya mtu asitupe chupa dirishani mwa daladala, Tanzania na Kenya zingekuwa zinang'aa kuliko Tokyo.

Mimi nina mawazo yangu juu ya hili, na walimu wanisamehe. Kwetu ufagio ni kazi ya asubuhi, na ni fimbo vilevile. Umechelewa? Kafagie uwanja. Umeongea darasani? Vyoo vinakungoja. Hujafanya hesabu? Fyeka nyasi kule nyuma. Mtoto anayasikia hayo miaka saba, kumi, kumi na tatu. Anachojifunza ni kwamba kusafisha ni kazi ya mkosaji, na mtu akishakuwa mkubwa, akishakuwa bosi, ametoka kifungoni. Kwenye zile shule za Japani zamu ni zamu: mwenye alama za juu anapiga magoti na tambara lake kama mwenye alama za chini. Siku moja mtu atafanya utafiti wa jambo hili nchini kwetu, nami nitausoma kwa hamu.

Basi msije mkadhani Wajapani ni malaika wa mazingira. Ingia dukani kwao ununue biskuti. Utakuta mfuko wa plastiki, ndani yake kisahani cha plastiki, na kila biskuti imevikwa kanzu yake ya plastiki. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 iliiweka Japani nafasi ya pili duniani kwa taka za vifungashio vya plastiki kwa kila mtu, nyuma ya Marekani. Mifuko ya plastiki ilikuwa ya bure kwenye maduka mengi hadi Julai 2020. Na sehemu kubwa ya zile taka wanazozipanga kwa adabu huishia kwenye matanuri makubwa, zikachomwa.

Kijiji kimoja kiliamua kwenda njia tofauti. Kinaitwa Kamikatsu, kiko milimani kwenye kisiwa cha Shikoku, na kina wakazi wasiofika 1,500, wengi wao wazee. Mwaka 2003 kilitangaza kwamba kinataka kufika mahali pa kutokuwa na taka kabisa. Hakuna gari la taka linalopita. Kila familia inaosha, inakausha, na kupeleka taka zake yenyewe kituoni, ambako zinatenganishwa katika mafungu zaidi ya 40. Zaidi ya arobaini! Vizibo vya chupa kando, makopo ya chuma kando, ya alumini kando. Wengine walinung'unika, na sishangai. Lakini hata humo ndani ya Japani, Kamikatsu ni hadithi ya ajabu inayowavuta watalii wa Kijapani. Kwa hiyo tunaposema "Wajapani wako hivi", tujue tunazungumzia watu zaidi ya milioni 120.

Sasa turudi karibu na nyumbani, kwa habari ya mifuko.

Msafiri anayeshuka uwanja wa ndege wa Kigali akiwa na mfuko wa plastiki ataombwa auache. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo kwa sheria mwaka 2008, wakati maduka mengi ya Ulaya yalikuwa bado yanaigawa bure. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu iliyowafanya watu washike vichwa: faini ya hadi shilingi milioni 4, au kifungo cha hadi miaka minne. Tanzania Bara ikafunga mlango tarehe 1 Juni 2019. Wazee wenu wanaukumbuka mfuko wa Rambo, ule mweusi uliobebea nyama, mchicha, vitabu na viatu vya mpira, kisha ukaenda kuning'inia kwenye miiba ya barabarani. Ndani ya wiki chache ulitoweka sokoni. Wachuuzi wakaja na mifuko mbadala ya kitambaa, akina mama wakavishusha vikapu vya ukili kutoka darini. Haukutoweka kabisa, nisiwadanganye: ile mifuko laini, myepesi, bado inapenya kichochoroni. Lakini ukilinganisha na zamani, ni mbingu na ardhi.

Na huko Marekani, nchi inayotufundisha mambo mengi? Inategemea jimbo. Wakazi wa California walipiga kura mwaka 2016 kuunga mkono marufuku ya mifuko. Wa Laredo, mji wa Texas ulio mpakani na Mexico, walitaka kufanya vivyo hivyo mjini kwao, kwa sababu mifuko ilikuwa ikiziba mitaro. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 2018 majaji wakaamua kwamba sheria ya Texas hairuhusu mji kuweka marufuku kama hiyo. Yaani Kigali unanyang'anywa mfuko. Laredo, mji unanyang'anywa haki ya kuukataza.

Kwa Mmarekani wa aina fulani, serikali kumchagulia mfuko wa kubebea vitunguu ni kumwingilia katika maisha yake. Msimcheke haraka. Ni mtu huyo huyo wa Texas aliyeshiriki katika kampeni moja ya usafi iliyofanikiwa sana. Miaka ya 1980 barabara kuu za Texas zilikuwa zimejaa makopo ya bia, na serikali ya jimbo ilikuwa ikitumia mamilioni ya dola kuyaokota. Walipochunguza waligundua kwamba watupaji wakubwa ni vijana wa kiume wenye magari ya pikapu, watu ambao ukiwaambia habari za ndege na maua wanakuzimia redio. Basi mwaka 1986 yakatolewa matangazo ambayo hayakutaja maua. Yaliwatumia wanamuziki na wachezaji mashuhuri wa jimbo, na ujumbe wenyewe, kwa maneno yetu, ulikuwa: usiichezee Texas. Ukitupa kopo, umeitukana Texas. Kijana wa pikapu akaelewa, na taka za barabarani zikapungua sana.

Ireland walipita njia nyingine. Machi 2002 waliweka ushuru wa senti 15 za yuro kwa kila mfuko wa plastiki dukani. Hakuna kifungo, hakuna marufuku, hakuna askari. Matumizi ya mifuko yakaanguka kwa zaidi ya asilimia 90. Senti 15 kwa Mwairishi haikuwa pesa ya kumnyima usingizi, ila keshia alikuuliza mbele za watu, "Unataka mfuko?" na walio nyuma yako kwenye foleni walisikia jibu. Aibu ilifanya kazi pamoja na senti.

Rwanda wana Jumamosi yao pia. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 5, ni umuganda. Maduka yanafungwa, magari yanapungua barabarani, na watu wenye umri wa miaka 18 hadi 65 wanatoka na majembe na panga: wanafukua mitaro, wanapanda miti, wanaziba mashimo. Asiyetokea bila sababu anaweza kutozwa faini. Kazi ikiisha wanakaa pamoja na kuzungumza mambo ya mtaa. Tanzania nasi tuna Jumamosi yetu ya mwisho wa mwezi, iliyopata nguvu baada ya tarehe 9 Desemba 2015, pale Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kuamuru siku hiyo iwe ya usafi. Yeye mwenyewe alionekana akiokota taka karibu na Ikulu. Siku na saa karibu zinafanana na za jirani. Lakini kwetu mwenye duka anafunga mlango mpaka saa 4, anakaa barazani anachezea simu, kisha anafungua. Wapo Wanyarwanda wanaosema kwamba hiari yenye faini si hiari. Hoja hiyo ni nzito, msiipuuze kwa kuwa barabara zao ni safi.

Hapa mmeanza kuona kwamba nchi moja inasukumwa na pesa, nyingine na fahari, nyingine na aibu, nyingine na faini. Ila kuna tofauti nyingine iliyo ngumu zaidi: nchi mbili zinaweza kuwa zote zinayapenda mazingira kwa dhati, na zikapingana kabisa juu ya nini cha kuogopa. Kwa hilo tusimame kwenye Mto Rhine.

Upande wa mashariki ni Ujerumani, na mji wa Freiburg. Upande wa magharibi ni Ufaransa, na mji wa Colmar. Watoto wa huku na huku wanakunywa maji ya bonde moja na kupumua hewa moja. Kwenye ukingo wa Kifaransa, mahali paitwapo Fessenheim, kulikuwa na mtambo wa nyuklia. Mtambo wa namna hiyo hupasua atomu, joto linalotoka linachemsha maji, na mvuke unazungusha mashine za kufua umeme. Hautoi moshi kama wa makaa ya mawe. Lakini ukiharibika vibaya unasambaza mionzi inayodhuru watu kwa miaka mingi, na mabaki yake lazima yatunzwe kwa maelfu ya miaka.

Ufaransa haina mafuta ya kutosha wala makaa ya kujivunia. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, serikali yake iliamua, mwaka uliofuata, kujenga mitambo ya nyuklia kwa wingi. Leo karibu theluthi mbili ya umeme wa Ufaransa inatoka huko. Mtoto wa Colmar anakua akiambiwa kwamba hiyo ni akili na fahari ya nchi yake.

Ng'ambo ya mto mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1975, mpango wa kujenga mtambo kwenye kijiji cha Wyhl uliwatoa mashambani wakulima wa mizabibu. Walikalia eneo la ujenzi pamoja na wanafunzi wa Freiburg, wakakataa kuondoka, na mtambo ule haukujengwa. Kisha ikaja tarehe 26 Aprili 1986, mtambo wa Chernobyl ulipolipuka nchini Ukraine, iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovyeti. Upepo ulileta mionzi hadi Ujerumani, na mvua ikaiteremsha. Wazazi wakaambiwa wasiwaruhusu watoto kucheza mchangani. Maziwa na mboga vikamwagwa. Upande wa Ufaransa maofisa wakasema hakuna la kuhofia, hata Wafaransa wenyewe wakafanya mzaha kwamba wingu la mionzi lilifika mpakani, likasimama, likageuza.

Mtoto wa Freiburg aliyekatazwa kucheza mchangani mwaka ule ni mtu wa makamo sasa. Anapiga kura. Ujerumani ilizima mitambo yake mitatu ya mwisho ya nyuklia tarehe 15 Aprili 2023. Miezi mitatu tu kabla, Januari mwaka huo huo, polisi wa Ujerumani walikuwa wakiwabeba juu juu vijana waliogoma kuondoka kwenye kijiji cha Lützerath na jirani yake, akiwemo mwanaharakati Greta Thunberg wa Sweden, ili kijiji kibomolewe na makaa ya mawe yaliyo chini yake yachimbwe. Watu wale wale wanaorudisha kila chupa! Na Mfaransa, ambaye hana rehani ya chupa ya plastiki kama jirani yake, anatoa hewa ya ukaa kidogo sana kuliko Mjerumani: takriban tani 4 kwa mwaka, dhidi ya 7 hivi.

Hewa ya ukaa ni ile inayotoka tunapochoma mafuta, makaa na gesi, na ndiyo inayoifunika dunia na kuipandisha joto. Haionekani, hainuki, haizibi mtaro, na kwa hiyo nchi inaweza kuwa safi kwa macho huku ikiijaza anga. Mmarekani mmoja, kwa wastani, anatoa karibu tani 14 kwa mwaka: gari, kiyoyozi, mashine ya kukaushia nguo wakati jua liko nje. Mtanzania au Mkenya wa wastani hafiki nusu tani.

Nikiwasomea vijana takwimu hizo wanafurahi na kupiga makofi, kana kwamba tumeshinda kombe. Tulieni. Sehemu kubwa ya nusu tani yetu ni ufukara. Hatujachagua kuwa nazo chache. Mtu asiye na gari hajakataa gari. Jijini Nairobi na Dar es Salaam, mwenye nacho anawasha kiyoyozi na kuendesha gari kubwa peke yake kama mwenzake wa Houston, Texas. Lakini vilevile msikubali mtu aje awafokee kuhusu chupa mliyotupa huku yeye ameruka kwa ndege mara kumi mwaka huu. Makosa hayo mawili hayafanani. Chupa ya dirishani inaziba mtaro, na maji yanaingia kwa jirani yako wa Jangwani, Dar es Salaam, ambaye unaweza kumtaja jina. Moshi wa gari la Houston unamfikia mkulima wa Rufiji ambaye dereva hatamwona maisha yake yote.

Na kuna mkaa. Mjerumani akiwasha mkaa ni Jumamosi, jua limetoka, anachoma soseji bustanini. Kwa familia nyingi za Dar es Salaam mkaa ni chai ya asubuhi na ugali wa usiku, siku zote. Mgeni anauona msitu wa Pwani au Morogoro ukikatwa na kuuliza kwa uchungu, hivi hawa watu hawapendi miti? Amuulize mama mwenye jiko. Mama anajua gesi ni nzuri: haimwagi moshi machoni, masufuria hayawi meusi. Kinachomshinda ni kwamba mtungi unajazwa wote kwa mara moja na kulipwa wote kwa mara moja, na pesa yake inakuja kwa siku. Mkaa unauzwa kwa kopo.

Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya wananchi wawe wanapika kwa nishati safi. Kampeni zipo, mabango yapo, hotuba zipo. Kinachonivutia mimi ni kijidude kidogo ambacho baadhi ya makampuni, hapa na Kenya, yameanza kukifunga juu ya mtungi: mita. Mtungi unaletwa nyumbani umejaa, mama analipia kwa simu kiasi alicho nacho siku ile, gesi inatoka kwa kiasi hicho, salio likiisha jiko linazima kama umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Anaongeza shilingi elfu moja, na maharage yanaendelea kuchemka.